Hotel California: wimbo wa dereva, wa shetani au wa gesti? Wewe uliusikia wapi mara ya kwanza?

Mtoto wa Fiat — #1
Wakuu, habari za jioni.

Mzee wangu alikuwa dereva wa lori, Dar–Tunduma, karibu miaka ishirini. Alifariki mwezi wa tatu. Tangu tumalize arobaini kuna wimbo hautoki kichwani: Hotel California wa Eagles, bendi ya Marekani.

Likizo ya Juni 1991, nikiwa darasa la tatu, alinichukua safari kwa mara ya kwanza. Gari lilikuwa Fiat, limebeba saruji. Ruaha Mbuyuni tulinunua vitunguu jua likizama, na tulipoanza kupanda Kitonga giza lilikuwa limeshaingia. Gari lenye mzigo pale linatambaa. Utingo anatembea pembeni na kipande cha gogo mkononi, tayari kukitupia chini ya tairi. Mzee akaweka kaseti. Nakumbuka kama jana: watu wanashangilia, gitaa linaanza peke yake, halafu inaingia ngoma, ngoma ya mkono kabisa kama za kwetu. Ukiisha anaurudisha nyuma, unaanza tena. Mpaka tunafika juu nilikuwa nimeusikia mara nne.

Mwisho wake ulikuwa hivi: magitaa mawili yanasemezana, yanapanda, yanapanda, halafu tap, kimya. Kaseti imeishia hapo. Mimi nikajua ndivyo wimbo ulivyo. Nilikuja kuusikia mzima nikiwa chuo, kwenye chumba cha jirani. Nilisimama mlangoni nikisubiri ukatike, haukukatika, na nililia mbele ya watu.

Mzee aliniambia: "Huu ni wimbo wetu sisi madereva. Jamaa yuko barabarani usiku, usingizi umemzidi, kaona taa mbele, kaenda kulala gesti mbaya." Kiingereza chake kilikuwa cha kusomea hati za mzigo tu.

Kwa wanaojua, kweli unahusu hivyo? Na ninyi mliusikia wapi?

Bi Mkubwa wa Chumbageni — #2
Pole sana mwanangu. Mzee apumzike kwa amani. Naweka kambi hapa.

Mlinzi wa Zamu — #3
Pole mkuu. Nitasema ninachoamini, usinichukie. Huo wimbo tulikatazwa kwenye umoja wa vijana kanisani mwaka 1998, na kaseti yangu niliichoma mwenyewe. Unahusu kanisa la shetani la San Francisco. Mle ndani wanataja mwaka 1969, ndio mwaka kanisa hilo lilipoanzishwa. Fungua jalada la albamu, picha ya ndani, kuna mtu amesimama juu anawatazama waliopo chini. Wanasema ndiye mwanzilishi mwenyewe.

Kodi Nane — #4
Pole Mtoto wa Fiat.

#3, nakuheshimu lakini tusahihishe tarehe. Kanisa hilo, la Anton LaVey, lilianzishwa 1966. Mwaka 1969 ndio alichapisha kitabu chake. Na ule mstari wa 1969 unatokana na mtu kuagiza mvinyo, akajibiwa kwamba kitu hicho hakijaonekana hapo tangu mwaka huo. Neno la Kiingereza walilotumia lina maana mbili, pombe kali na roho. Ndio mchezo wao wote hapo.

Wenyewe wamesema mara nyingi kwamba wimbo unahusu maisha ya anasa ya Los Angeles, mtu anaingia hajui kitu na anatoka amejua mengi kupita kiasi. Muziki ulitungwa na Don Felder, maneno ni ya Don Henley na Glenn Frey. Henley ndiye anayeimba, tena akiwa kwenye ngoma.

Dada wa Mapokezi — #5
Salamu kutoka Nakuru. Mimi huu wimbo najua unahusu nini na hakuna mtu atanibadilisha mawazo.

Nilifanya kazi mapokezi, zamu ya usiku, kwa lojingi moja ya barabara ya Nairobi, miaka minne. Kila mtu akisikiza anajiona yeye ni yule msafiri. Hakuna anayeuliza kuhusu yule mwanamke wa kwenye wimbo, amesimama mlangoni na mshumaa. Yeye ameonyesha watu wangapi vyumba usiku huo? Wageni wote wanapita, yeye yuko. Stima ikipotea nilikuwa natoka na mshumaa kwa sahani ya kikombe, nta inanichoma kidole gumba, na mwanamume amesimama kwa mlango na begi, macho mekundu ya barabara. Usiku mmoja dereva wa trela akaanza kuniimbia huo wimbo. Nilikasirika. Halafu nikaenda kuutafuta niusikize vizuri na nikajiona mle ndani.

Kwa hivyo baba yako alikuwa karibu na ukweli, lakini kwa upande wa mgeni.

Mtoto wa Fiat — #6
Asanteni. #5 umenifungua macho. Mzee hakuwahi kumtaja huyo mwanamke.

Msafiri wa Reli — #7
Dereva hakukosea hata kidogo. Felder ameshaeleza kwamba wazo la picha lilitoka barabarani: hakuna hata mmoja wao aliyetokea California. Henley ni wa Texas, Frey wa Michigan, Felder mwenyewe wa Florida. Anasema ukiendesha usiku kuelekea Los Angeles, unaona mwanga wa mji kwa mbali kabla hujaona mji wenyewe. Mtu yeyote aliyetoka Mikumi usiku au aliyekaribia Makambako gizani anaujua mwanga huo.

Kodi Nane — #8
Ni kweli. Ila mpiga besi wao, Timothy B. Schmit, ni wa California.

Msafiri wa Reli — #9
Schmit aliingia 1977, albamu ilishatoka Desemba 1976. Besi ya humo ni ya Randy Meisner, na huyo ni wa Nebraska.

Kodi Nane — #10
Sawa, nimekubali.

Sasa mkuu Mtoto wa Fiat, kuna jambo nalisema kwa roho safi maana najua unazungumzia marehemu. Ulivyoelezea, watu kushangilia, gitaa kavu, halafu ngoma ya mkono, hiyo si rekodi ya 1976. Ya studio inaanza na gitaa la nyuzi kumi na mbili, hakuna mtu anayeshangilia. Ile ya ngoma na shangwe walipiga jukwaani 1994 waliporudiana baada ya kutengana miaka kumi na minne, na ikatoka kwenye albamu Hell Freezes Over mwaka huohuo. Safari yako unasema ni 1991. Haiwezekani mzee alikuwa nayo.

Bi Mkubwa wa Chumbageni — #11
Jamani, mwacheni mtoto na kumbukumbu yake.

Mtoto wa Fiat — #12
Hapana mama, yuko sahihi kuuliza. Nimesoma #10 nikakaa kimya nusu saa. Nimeisikiliza ile ya 1994 sasa hivi, ndiyo hasa ninayoikumbuka. Ngoma ileile.

Nimempigia mama. Anasema gari liliuzwa 1993, risiti anayo. Baada ya hapo mzee aliendesha basi dogo la hapahapa mjini, hakupanda Kitonga tena. Kwa hiyo 1994 haiingii popote. Na mimi niliona alichonionyesha, nilisikia nilichosikia.

Fundi Kaseti — #13
Kumbukumbu za muziki zina tabia hiyo. Nilifanya kazi duka la kurekodi Kariakoo kuanzia 1983, nasema ninachokijua. Mteja anakuja na orodha kwenye karatasi ya daftari, sisi tunamjazia kaseti. C-60 inabeba nusu saa kila upande, C-90 dakika arobaini na tano. Huu wimbo una dakika sita na nusu, ulikuwa unatutesa kuupanga. Ukiuweka mwisho wa upande lazima ukatwe, na mteja hataki ubakishe sehemu tupu maana amelipia kaseti nzima. Tulikata Hotel California nyingi sana. Mimi mwenyewe nilikuwa naumia, kwa sababu magitaa ya mwishoni ni dakika mbili nzima na ndiyo roho ya wimbo.

Kukatika kwa kaseti ya mzee wako nakuamini asilimia mia. Ngoma na makofi ndipo sielewi.

Mwana Lubumbashi — #14
Miye niko Lubumbashi. Kwetu baba alikuwa anatumika ku Gécamines, kampuni ya migodi, na rock ilikuwa inatufikia kupitia Zambia. Huu wimbo tuliusikia kwa wenzetu wa Kitwe na Ndola. Kule ilikuwa rock asubuhi, rock mangaribi. Labda kaseti ya mzee ilitoka upande huo.

Msafiri wa Reli — #15
#14 umegusa kitu. Zambia miaka ya sabini walikuwa na rock yao kabisa, WITCH, Amanaz, Ngozi Family. Hata bendi ya Sunburst ya hapa Dar ilitoa albamu yake kule 1976. Nimepanda TAZARA mara nyingi kwenda Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, na kila safari kulikuwa na kijana wa Kizambia mwenye gitaa behewa la daraja la tatu. Safari moja gari lilisimama porini saa tano usiku, taa zikazimwa, mtu akaanza zile noti za mwanzo. Behewa zima likanyamaza, hata watoto. Hakuimba. Alipiga tu mpaka kichwa cha treni kilipopata nguvu tukaondoka. Nikisikia huo wimbo nasikia harufu ya mahindi ya kuchoma na dizeli.

Na huo mwaka 1969 jamani, kwetu nao una lake. Novemba 1969 ndipo muziki wa soul ulipopigwa marufuku Dar es Salaam. Marehemu kaka alikuwa anacheka kila wakifika mstari huo, anasema "hawa jamaa wanatusema sisi."

Kodi Nane — #16
Hiyo ya kaka ni nzuri kuliko maelezo yote ya mtandaoni.

Mlinzi wa Zamu — #17
#4 nimekubali 1966. Lakini bado swali langu liko palepale: kwa nini mwisho wa wimbo mtu anaambiwa anaweza kulipa na kufunga mizigo muda wowote, na kuondoka hawezi? Hoteli gani hiyo? Mimi nilikuwa mlevi kabla sijaokoka. Najua mahali pa kuingia kwa kuimbiwa na kutoka huwezi. Siwezi kuusikia mstari ule nikakaa vizuri mpaka leo.

Dada wa Mapokezi — #18
Hapo nakuelewa kabisa, ndugu yangu.

Mpemba wa Muscat — #19
Mie niliusikia Pemba kwa ami yangu, lakini niliuelewa hapa Muscat. Nilikuja 2009 kwa mkataba wa miaka miwili. Kila ukikaribia kwisha nafunga sanduku, natia na zawadi za watoto, halafu kinatokea kitu: ada, paa la nyumba, maradhi ya mama. Sanduku nalifungua. Nguo za mwanangu nilizonunua mara ya kwanza zilimpita zikiwa humo humo sandukuni, nikampa mtoto wa jirani.

Basi kwangu si shetani wala California. Ni ughaibuni.

Bi Mkubwa wa Chumbageni — #20
Nimeyasoma ya #19 mara mbili. Mungu akurejeshe salama.

Kijana wa Mbeya — #21
Si kuna hoteli ya kweli Meksiko yenye jina hilo, Todos Santos? Watalii wanajaa.

Kodi Nane — #22
Ipo, ila bendi wamekana uhusiano wowote, na 2017 waliishtaki kwa kutumia jina. Wengine wanasema ni hospitali ya wagonjwa wa akili. Jengo la kwenye jalada ni Beverly Hills Hotel, lilipigwa picha jua likizama.

Mimi ni mpiga gitaa, maelezo yangu yako kwenye muziki wenyewe. Kodi (chords, noti zinazopigwa pamoja) ni nane, zinaanzia B ndogo (B minor) na kuishia F kali (F sharp). F kali ukiiacha hapo unahisi kama umesimama kwa mguu mmoja. Inakusukuma urudi kwenye B ndogo, na ukirudi umeanza duara upya. Beti, kiitikio kikipita, mwishoni magitaa yanapopokezana, duara ni lilelile la beti. Na rekodi ya studio haina mwisho, inafifia tu wakiwa bado wanazunguka. Yule jamaa haondoki kwa sababu kodi hazimruhusu. Nilijifundisha huu wimbo nikimuuguza mke wangu, kibanio cha nyuzi (capo) freti ya saba kama Felder, sauti chini ili asiamke. Vidole vilipasuka. Siku alipotoka hospitali ndiyo siku nilipoweza kuupiga wote bila kukosea.

Fundi Kaseti — #23
Nimeguswa #22. Niongeze kitu kitakachomfurahisha Mtoto wa Fiat: hata wao waliokolewa na kaseti. Felder alirekodi wazo lake la kwanza nyumbani kwake Malibu. Zaidi ya mwaka baadaye wako studio Miami, anataka kubuni solo mpya, Henley akagoma, akataka ileile ya kwenye kaseti, noti kwa noti. Felder hakuikumbuka. Ikabidi ampigie simu dada wa kazi nyumbani, aitafute kaseti, aweke kwenye redio na kuisogezea simu. Wakairekodi kutoka kwenye simu wakajifunza upya.

Kwa hiyo mkuu, kaseti ya mzee bado ipo? Kama ipo, USIICHEZE kwenye redio yoyote uliyonayo. Kile kisponji kidogo ndani kikishabanduka, mkanda unaliwa. Niletee.

Mtoto wa Fiat — #24
Ipo kwa dada Makambako, kwenye bati la biskuti la mama. Nimemwomba aipakie kwenye basi la usiku.

Mwana Lubumbashi — #25
Tunangojea.

Kijana wa Mbeya — #26
Tukisubiri, mnasemaje kuhusu Freddie Mercury, yule mwimbaji wa Queen, kuzaliwa Unguja?

Mpemba wa Muscat — #27
Kazaliwa Mji Mkongwe 1946, hilo halina ubishi. Fungua uzi wake, huu wa Fiat.

Mtoto wa Fiat — #28
Wakuu, nimerudi. Kaseti imefika, nimempelekea Fundi. Ni C-60, TDK, lebo ina mwandiko wa mzee kwa kalamu ya bluu: "SAFARI 2". Fundi aliifungua skrubu tano, akabadilisha kisponji, akasafisha hedi kwa spiriti na pamba, akauzungusha mkanda kwa kalamu mpaka mwisho na kurudi kabla ya kuugusa kwenye mashine. Nilikaa kwenye kigoda nikishika magoti.

Upande wa pili, wimbo wa mwisho. Ni ile ya studio. Hakuna anayeshangilia. Hakuna ngoma ya mkono. Gitaa, kisha ngoma za kawaida, Henley akaanza. Nilihisi vibaya sana, kama nimemsingizia mzee.

Halafu mwishoni magitaa mawili, yanapanda, na tap. Palepale. Nilijua kabla halijafika, mkono wangu ulishainuka kwenda kubonyeza kurudisha.

Fundi Kaseti — #29
Nathibitisha. Imekatwa kama dakika moja kabla ya wimbo kufifia. Na mkanda sehemu hiyo umechakaa kuliko kwingine kote, umerudishwa mara nyingi mno.

Bi Mkubwa wa Chumbageni — #30
Alhamdulillah umeipata.

Msafiri wa Reli — #31
Na ngoma sasa? Maelezo rahisi ni kwamba ulikuja kuisikia ya 1994 baadaye, redioni au harusini, ikaingia ndani ya safari yenyewe bila wewe kujua.

Mtoto wa Fiat — #32
Nilifikiri hivyohivyo mpaka jana. Nimempata utingo wa mzee, sasa ni mzee wa miaka sabini, yuko Mafinga. Nilimuuliza bila kumwambia jibu. Akasema: "Ngoma? Ngoma nilikuwa napiga mimi, dumu la maji, mzee asisinzie."

Mama naye anasema si utingo, ni mzee mwenyewe. Mkono wa kulia ulikuwa nje ya dirisha muda wote, anapiga mlango wa gari kwa kiganja. Anasema rangi ya mlango ule ilikuwa imetoka sehemu moja, ukubwa wa sahani, bati linaonekana.

Dada wa Mapokezi — #33
Nimelia kazini.

Kodi Nane — #34
Naamini mlango. Bati la mlango wa lori ukilipiga kwa kiganja lina sauti nene ya ngoma ya mkono, na mpigo wa wimbo unakaa vizuri na gari linalopanda kwa gia ya kwanza.

Mlinzi wa Zamu — #35
Naamini utingo. Mtu hasahau kazi aliyofanya ili watu wasife.

Msafiri wa Reli — #36
Lakini kwenye #1 ulisema utingo alikuwa anatembea nje na gogo. Dumu alilipiga saa ngapi? Na shangwe za watu zilitoka wapi?

Mtoto wa Fiat — #37
Nimemuuliza kuhusu gogo. Anasema walikuwa wawili safari ile, wa pili alikuwa kijana wa Ilula, hajui alipo. Mama anasema hakukuwa na wa pili. Shangwe sijapata mtu wa kunieleza.

Fundi amenirekodia kaseti yote kwenye simu, ameacha na ule mkatiko kama nilivyomwomba. Desemba naenda Mbeya na wanangu. Nimeshawaambia tutapita Kitonga usiku.

Mwana Lubumbashi — #38
Mkifika juu, utuambie imerudia mara ngapi.

Kijana wa Mbeya — #39
Kwa gari dogo hata mara mbili haitafika. Nenda taratibu, mkuu.